Karani Mlangoni

Mwezi wa nane, zabibu za Hombolo zinaingia mzanini
na programu yetu inatembea kama punda aliyeona kilima.
Simu zinalia tangu saa mbili asubuhi:
risiti haitoki, foleni imegusa barabara,
lori la Mpunguzi limezima injini, dereva amelala.
Bosi anauliza, "Tatizo liko wapi?"
Ndilo swali lenyewe. Ningejua wapi, lisingekuwa tatizo.

Fanksheni mia tisa na kumi na mbili.
Nilianza kwa mkono, kama anayepanda karanga:
juu, andika saa ya kuingia,
chini, andika saa ya kutoka,
katikati usiguse, ya wenyewe yapite.
Siku ya tatu jioni nilikuwa kwenye ya sitini,
na mbili kati ya hizo nilisahau kuzifunga.
Zinahesabu mpaka leo, nadhani,
kama mgeni aliyesaini kuingia
akatokea dirishani.

Usiku huo umeme wa Makole ukakatika, ukarudi.
Upepo ulikuwa unakwaruza kioo kwa vumbi jekundu.
Nikajiuliza: kwa nini nichoshe vidole
kwa kazi isiyo na wazo hata moja ndani yake?
Nikaandika programu inayoandika.
Mistari arobaini, haizidi.
Iliingia kwenye msimbo wetu
kama karani wa sensa anavyoingia Nkuhungu,
haulizi nani tajiri, nani anadaiwa kodi:
hodi, chaki, namba,
hodi, chaki, namba,
na kabla chai haijapoa
kila mlango ulikuwa na alama yake.

Sikumwambia asijihesabu.
Karani akakuta mlango wa karani,
akauchora,
akamkuta mchoraji, akamchora naye,
feni ya seva ikapiga mluzi kama birika.
Nikacheka peke yangu saa nane usiku.
Nikaongeza mstari mmoja: ukijiona, pita.
Wapo watu ningependa kuwawekea mstari huo.

Alfajiri namba zikaanza kushuka.
Milisekunde mbili. Tano. Moja. Tatu.
Halafu kwenye soma_mzani: elfu tatu.
Elfu tatu asubuhi, elfu tatu jioni,
hata siku moja si elfu tatu mia mbili.
Kinachochoka huchoka ovyo ovyo.
Hiki hakikuchoka. Hiki kilikuwa kimesimama kwa makusudi.

Nikafungua. Mstari mmoja: subiri(3000).
Juu yake maneno ya Ndahani Lechipya,
aliyestaafu mwaka juzi akaenda Kibaigwa kulima alizeti:
"Tafadhali usiondoe. Mzani wa Mama Nyemo umezeeka,
unatetemeka kabla ya kutulia.
Ukiusoma kwa haraka, mkulima anapunjwa kilo mbili."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta.
Nikakiondoa.

Karani hakukosea. Aliulizwa muda, akaleta muda.
Sababu hajui kuisoma, sikumfundisha,
wala sijui ingechukua mistari mingapi.

Nikampigia Mama Nyemo.
"Mzani upi, mwanangu? Ule waliubeba kabla ya Pasaka.
Huu mpya unatulia hata mkono sijatoa."
"Sasa zile sekunde tatu, mlikuwa mnasubiri nini?"
"Sisi? Tulidhani mashine inawaza."

Nikaufuta mstari.
Maneno ya Ndahani nikayaacha palepale,
nikaandika chini yake tarehe, na jina langu,
na kwamba mzani umebadilishwa.
Saa nne foleni ikaanza kusogea.
Dereva wa Mpunguzi aliamshwa kwa honi ya aliye nyuma yake.

Karani akaleta namba mpya: nne.
Zile mbili nilizosahau kuzifunga
bado sijazipata.